Vali ya kwanza iliharibikia nini? Swali la kuulizwa kabla ya kupasuliwa moyo tena

MGONJWA aliyewahi kupasuliwa moyo na kuwekewa vali ya bandia huamini kuwa safari imekwisha. Kovu hupona, pumzi hurejea, na ngazi za ghorofa ya nne katika mtaa wa Pipeline au Umoja hupandwa bila kupumzika njiani. Kisha miaka hupita. Minane, kumi, pengine kumi na mitano. Miguu huanza kuvimba jioni, mito miwili haitoshi kitandani, na siku ya kliniki daktari hutamka maneno ambayo hakuna aliyeyatarajia: vali imeharibika, itabidi upasuaji urudiwe.

Habari hiyo hufika nyumbani kabla haijaeleweka. Wazee wa familia huitana, kundi la mchango hufunguliwa kwenye simu, na swali la kwanza huwa ni pesa zitatoka wapi. Swali la pili huwa ni mahali: Hospitali Kuu ya Kenyatta, Mater, Tenwek kule Bomet, au India. Swali ambalo lingepaswa kutangulia hayo yote mara nyingi haliulizwi na mtu yeyote, nalo ni hili: vali ya kwanza iliharibika kwa sababu gani?

Hapo ndipo umuhimu wa kutafuta maoni ya daktari wa pili hujitokeza. Wengi hudhani daktari huyo hutafutwa ili aseme ndiyo au la, kana kwamba ni refa kati ya mgonjwa na daktari wa kwanza. Kazi yake yenye manufaa zaidi ni kuchunguza upya chanzo cha tatizo. Vali ya bandia yaweza kushindwa kwa njia kadhaa, na kila njia ina tiba yake. Baadhi ya tiba hizo hazihitaji kisu kabisa, na nyingine hazitaki kucheleweshwa hata kwa siku moja.

Wapo wagonjwa wanaoogopa kwamba wakiomba maoni mengine watamuudhi daktari anayewatibu, na huenda wakapoteza nafasi yao kwenye orodha. Hofu hiyo haina msingi wa kisheria. Hati ya Taifa ya Haki za Wagonjwa, iliyotolewa na Wizara ya Afya mwaka wa 2013, inataja wazi haki ya kupata maoni ya daktari mwingine. Nayo Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama za kila njia, tena kwa lugha anayoielewa. Daktari wa moyo aliyezoea kazi yake hushauriana na wenzake kila wiki kuhusu wagonjwa wagumu. Kuombwa barua ya kumpeleka mgonjwa kwa mwenzake si jambo geni kwake.

Ili kuelewa kwa nini chanzo kina uzito kiasi hicho, yafaa kurudi nyuma kidogo. Moyo una vali nne, yaani milango midogo inayofunguka na kufungika ili damu iende upande mmoja tu. Humu nchini, miongoni mwa vijana na watu wazima wasiozeeka, sababu kubwa ya vali hizo kuharibika ni homa ya baridi yabisi, ambayo huanzia kooni. Viini aina ya streptokoka humshika mtoto, aghalabu wa kati ya miaka 5 na 15. Koo linauma, mzazi anampa dawa ya kutuliza maumivu, na mambo yanaonekana kuisha. Kwa baadhi ya watoto, kinga ya mwili iliyoamka kupigana na viini hivyo hugeuka na kushambulia maungio ya mifupa na moyo wenyewe. Kila maradhi hayo yanaporudi, vali huongezewa kovu jingine.

Ni ugonjwa unaopenda msongamano. Ulaya na Marekani ulififia katika karne ya 20 kadiri makazi yalivyoboreshwa na penisilini ilivyopatikana. Mitaa ya mashariki mwa Nairobi, tangu vyumba vya wafanyakazi wa reli vya Muthurwa na Makongeni enzi za ukoloni hadi maghorofa yaliyobanana ya Kayole na Dandora, imelea vizazi vya watoto waliolala wengi katika chumba kimoja. Mnamo Mei 2018, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu maradhi haya, ukiyataka mataifa yaongeze juhudi za kuyazuia.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi, au huambiwa siku wanayotoka hospitalini wakiwa bado na usingizi wa dawa, ni kwamba kubadilisha vali hakuponyi ugonjwa huo. Sindano ya penisilini inayodungwa kila baada ya wiki tatu au nne huendelea kuhitajika hata baada ya upasuaji, mara nyingi hadi umri wa miaka 40 au zaidi. Aliyefanyiwa ukarabati, yaani vali yake mwenyewe ikashonwa badala ya kutolewa, yumo hatarini zaidi akiziacha sindano, kwa sababu homa ikirudi hushambulia palepale palipokarabatiwa. Kwa hiyo daktari wa pili akianza kwa kuuliza juu ya sindano badala ya kutazama karatasi za hospitali, asidhaniwe kuwa anapoteza wakati. (Kwa wagonjwa ambao moyo wao umeshindwa sana, madaktari siku hizi huweza kuchagua vidonge vya penisilini badala ya sindano, hilo nalo huamuliwa na daktari, si duka la dawa.)

Vali za bandia ni za aina mbili. Ipo ile ambayo watu huiita ya chuma, ingawa zilizo nyingi leo zimetengenezwa kwa kaboni ngumu. Hudumu kwa miongo mingi, lakini damu hupenda kuganda juu yake, hivyo mgonjwa humeza dawa ya warfarini maisha yake yote. Aina ya pili hutokana na vali ya nguruwe au ngozi laini inayouzunguka moyo wa ng'ombe. Hiyo kwa kawaida haihitaji warfarini ya kudumu, lakini huchakaa. Kwa mzee yaweza kufika miaka 15 au kupita. Kwa kijana hukakamaa mapema zaidi, na kwa mtoto mapema kuliko wote. Muislamu wa Eastleigh asiyeridhia vali ya nguruwe na alisema mapema, kwa kuwa ya ng'ombe ipo na huagizwa kabla ya siku ya upasuaji.

Ikiwa vali iliyoshindwa ni ya mnyama na imechakaa kwa umri wake, hakuna fumbo kubwa. Ilitarajiwa. Swali linalobaki ni lini, wapi na kwa vali ipi.

Mambo huwa magumu zaidi ikiwa vali ya chuma ndiyo iliyoziba. Picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ambayo wagonjwa huiita eko, huonyesha kwamba damu inapita kwa shida, lakini haitoi kila mara sababu yake. Inaweza kuwa damu iliyoganda. Inaweza kuwa nyama iliyoota taratibu kuizunguka vali. Inaweza pia kuwa vali ilikuwa ndogo tangu mwanzo kwa mwili wa aliyewekewa, hasa kama alikuwa mtoto na sasa ni mtu mzima. Na pengine vali haina kosa lolote: mgonjwa ana upungufu wa damu, mapigo yake yamekwenda mrama, au ni mjamzito, na damu inapita kwa kasi isiyo ya kawaida.

Damu iliyoganda, ikigunduliwa mapema, kwa baadhi ya wagonjwa huyeyushwa kwa dawa hospitalini. Nyama iliyoota haiyeyuki. Hiyo ni ya kisu. Ndiyo maana kabla ya kukubali uamuzi, daktari wa pili huweza kuagiza eko inayopigwa kwa mrija uliopitishwa kooni, ambayo huiona vali kwa karibu zaidi, au picha ya eksirei ya mwendo inayoonyesha kama vibao vya vali bado vinafunguka. Vipimo hivyo viwili ni vya bei ndogo mno vikilinganishwa na upasuaji usiohitajika.

Kwa wakazi wa Eastlands, hapa ndipo penye kiini cha jambo. Damu huganda kwenye vali ya chuma hasa pale warfarini inapokatika au kipimo chake kinaposhuka. Kipimo hicho, kinachojulikana kama INR, kwa vali ya chuma ya upande wa mitrali hutakiwa kuwa kati ya 2.5 na 3.5. Kikishuka, damu huganda. Kikipanda mno, mtu hutokwa damu. Hata kikiwa kimetulia, hupimwa karibu kila mwezi. Kwa kibarua wa Industrial Area, kwenda kupimwa maana yake ni nauli ya matatu mbili, foleni, na mshahara wa siku nzima uliopotea. Si ajabu mtu akiruka mwezi mmoja, kisha miwili.

Kuna na mengine yanayopita bila kutambuliwa. Sukuma wiki, mchicha na managu zina vitamini K kwa wingi, ambayo hupunguza nguvu za warfarini. Si kwamba mgonjwa asile mboga. Kinachotakiwa ni kula kiasi kilekile wiki hadi wiki, badala ya kula nyama mwisho wa mwezi na sukuma tupu katikati yake. Dawa za tumbo na za kifua zinazouzwa dukani bila swali, kama vile Flagyl na Septrin, hupandisha INR. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huishusha sana. Diklofenaki na ibuprofeni za maumivu ya mgongo huongeza hatari ya kuvuja damu. Mwenye duka la dawa pale stendi hawezi kujua kwamba mteja ana vali ya bandia asipoambiwa.

Basi ikiwa vali iliziba kwa sababu warfarini ilikatika, kumwekea mgonjwa yuleyule vali nyingine ya chuma bila kubadilisha namna anavyopata dawa na vipimo ni kumrudisha alikotoka. Daktari mwadilifu atalisema hilo hata kama si la kupendeza. Pengine atapendekeza vali ya mnyama safari hii, huku akijua itachakaa, kwa sababu ratiba ya warfarini haiwezekani katika maisha ya mtu huyo. Pengine atasema vali ya chuma ibaki kuwa chaguo, mradi ipatikane maabara karibu na nyumbani na jamaa mmoja apewe jukumu la daftari la INR.

Kuna jamaa wanaotuma kutoka ng'ambo vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda ambavyo havihitaji kupimwa INR. Nia ni njema lakini ni hatari. Jaribio la dabigatrani kwa wenye vali za chuma lilisimamishwa mapema na matokeo yake kuchapishwa mwaka wa 2013, baada ya waliotumia dawa hiyo kupatwa na damu kuganda na kuvuja zaidi ya waliotumia warfarini. Jaribio jingine, la apiksabani, nalo lilikatizwa mwaka wa 2022. Kwa vali ya chuma, warfarini haijapata mrithi.

Wanawake wanaotaka kuzaa wana hesabu yao ya pekee. Warfarini yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Kuiacha nako humweka mama hatarini. Mwanamke wa miaka 25 aliye na vali iliyoharibika anastahili kuulizwa kuhusu uzazi kabla ya vali kuchaguliwa, na aulizwe yeye, si mumewe wala mama mkwe. Ikiwa daktari wa kwanza hakuuliza, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kumwona wa pili.

Upasuaji wa kurudia ni mgumu kuliko wa kwanza. Kovu la awali hulifanya lile pazia lililouzunguka moyo kushikana na mfupa wa kifua, hivyo msumeno unaoufungua mfupa huo unaweza kuujeruhi moyo wenyewe au mshipa mkubwa wa damu. Daktari wa upasuaji mwenye uzoefu hutaka kwanza picha ya CT ya kifua ili ajue moyo uko umbali gani na mfupa, na huweza kuiandaa mashine ya kuzungusha damu kupitia mishipa ya paja kabla ya kufungua. Anayetoa maoni ya pili anafaa awe mtu anayefanya upasuaji wa kurudia mara kwa mara. Si kosa kumuuliza amefanya mangapi, damu ya akiba itatoka wapi, na nani atakayemfuatilia mgonjwa akirudi nyumbani.

Njia isiyofungua kifua ipo pia. Vali mpya hupitishwa ndani ya mshipa wa paja na kufunguliwa ndani ya vali ya mnyama iliyochakaa. Mfaransa Alain Cribier ndiye aliyeanzisha njia ya namna hiyo mjini Rouen mwaka wa 2002. Haifai kwa vali ya chuma wala kwa vali yenye maambukizi, na bei yake ni kisiki: nchini Marekani, vali yenyewe tu hugharimu zaidi ya dola 30,000. Wala si njia isiyo na mashaka. Arnold Schwarzenegger, mwigizaji aliyekuwa gavana wa California, alibadilishwa vali mwaka wa 1997, na mnamo Machi 2018 aliingia hospitalini ili abadilishwe tena kwa njia ya mshipa. Mambo yakaharibika katikati, na akapasuliwa kifua siku hiyohiyo na kundi la madaktari lililokuwa limekaa tayari. Kukaa tayari huko ndiko kulikomwokoa.

Maoni ya daktari yeyote yana thamani sawa na karatasi alizopewa. Mtu akienda Mama Lucy au Kenyatta na ripoti moja iliyokunjwa mfukoni, atapewa jibu la ripoti moja. Kinachohitajika ni maelezo ya upasuaji wa kwanza, kadi inayotaja aina na ukubwa wa vali, ripoti za eko za miaka iliyopita, hasa ile iliyopigwa muda mfupi baada ya upasuaji, na daftari la INR. Ile eko ya zamani ndiyo mizani: bila kujua vali ilikuwaje ilipokuwa mpya, ni vigumu kusema imebadilika kiasi gani. Picha zenyewe, zikiwa kwenye diski au simu, ni bora kuliko maandishi, maana daktari wa pili apate kuziangalia kwa macho yake.

Hali kadhalika kwa barua zinazotoka India. Familia nyingi hutuma karatasi kwa simu na kupata jibu la kurasa mbili, lenye bei na idadi ya siku za kulala hospitalini. Hospitali nyingi za huko zina ujuzi wa kweli. Lakini jibu lililotolewa bila kuziona picha wala kumgusa mgonjwa ni makadirio ya bei zaidi kuliko maoni ya kitabibu. Isitoshe, baadhi ya mawakala wanaoziandaa safari hizo hulipwa na hospitali inayompokea mgonjwa. Yafaa waulizwe hilo waziwazi.

Kuhusu gharama, bima ya NHIF iliyoanza mwaka wa 1966 iliacha nafasi yake kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, mnamo Oktoba 2024, ambapo mwenye mapato hukatwa asilimia 2.75 na mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kabla ya tarehe kupangwa na kadi za harambee kuchapishwa, hospitali itoe kwa maandishi kiasi kitakacholipwa na SHA na kile kitakachobaki kwa familia. Watu wamewahi kuchanga kwa ajili ya kitanda wakasahau vali.

Kuna wakati ambapo kuzunguka kutafuta maoni ni kosa. Mwenye vali ya chuma huizoea sauti yake ndogo ya kugonga, ambayo usiku wa kimya hata mwenziwe kitandani huisikia. Sauti hiyo ikififia au kunyamaza, pumzi ikikatika ghafla, makohozi yakitoka na povu lenye damu, mdomo ukipinda au mkono ukalegea, hiyo si siku ya kupanga miadi. Ni siku ya kukimbilia hospitali kubwa iliyo karibu, usiku uleule. Homa isiyoisha nayo huenda ikawa maambukizi ya vali. Damu ichukuliwe kwa uchunguzi wa viini kabla ya dawa za kuua viini kuanzishwa, kwa kuwa vidonge vya dukani huwaficha viini bila kuwamaliza. Upasuaji unaofanywa kwa dharura, mgonjwa akiwa hoi, huua wengi zaidi kuliko ule uliopangwa. Kwa hiyo maoni ya pili hutafutwa mapema, mgonjwa akiwa bado anatembea, na yachukue wiki chache, yasichukue mwaka.

Madaktari wawili wakitofautiana, njia ya busara si kumchagua mwenye maneno matamu wala kumtafuta wa tatu, wa nne na wa tano. Wanaweza kuombwa wazungumze wenyewe kwa wenyewe, au jambo hilo lipelekwe kwenye kikao ambapo daktari wa moyo, wa upasuaji na wa usingizi huketi pamoja kuzitazama picha zilezile. Mara nyingi hugundulika kwamba hawakutofautiana juu ya upasuaji. Walitofautiana juu ya wakati wake.

Tarehe ikishawekwa, huwa kuna kazi moja ambayo haingojei bingwa wala harambee, nayo ni meno. Jino bovu ni mlango wa viini kuingia kwenye damu na kutua juu ya vali mpya, kwa hiyo meno hukaguliwa na kutibiwa kabla ya kifua kufunguliwa. Kliniki ya meno iliyo mtaani yaweza kuifanya kazi hiyo, mradi daktari wake aambiwe mapema kwamba mgonjwa tayari ana vali ya bandia, kwani kabla ya kung'oa jino atalazimika kumpa dawa ya kuua viini na kuijua INR yake ya wiki hiyo.